Bafu la Bibi: kisa cha kuongeza choo cha ndani katika nyumba ya vyumba sita, Magomeni

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, ile tunayoijua sote: baraza mbele, ukumbi ulionyooka mpaka mlango wa uani, vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono ule, bati juu. Uani kuna banda lenye jiko, stoo, choo na bafu. Marehemu mwenye nyumba aliijenga mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo imepigwa plasta na kuezekwa upya mara kadhaa. Iko Magomeni, Dar es Salaam, upande unaoshukia bonde la Msimbazi. Ukichimba pale wakati wa masika, huendi kina kirefu kabla ya kukutana na maji.

Mjane wake, ambaye hapa nitamwita Bibi kama wote wa mtaani wanavyomwita, aliteleza uani usiku akienda chooni. Hakuvunjika, lakini alilala ndani wiki mbili, na mwanawe mkubwa akaamua kwamba mama yake hatatoka tena nje usiku. Akaniita. Nimekuwa fundi bomba kwa zaidi ya miaka ishirini na nyumba za aina hii ndizo nilizojifunzia kazi.

"Fundi, nataka choo na bafu ndani, hapo hapo chumbani kwake," aliniambia, akanionyesha mchoro kwenye simu. Chumba cha Bibi kilikuwa cha mbele kabisa, upande wa kusini, dirisha lake barazani. Katika kona ya chumba hicho kijana alikuwa amechora choo cha kukaa, beseni la kunawia, shawa ya maji ya moto na tailizi nyeupe mpaka darini. Katika mchoro wote sikuona mstari hata mmoja unaotoka nje ya nyumba.

Kazi kama hii naianzia kwenye karo, yaani shimo la maji machafu la uani. Chumba kitakuwa wapi, choo kitatazama wapi, tailizi za rangi gani, hayo yote yanangoja mpaka nijue maji machafu yanaweza kufika wapi kwa kuteremka yenyewe. Siku ile sikupima chumba. Niliomba liitwe gari la maji taka, karo linyonywe, kisha tulifungue tulitazame kwa tochi tukiwa juu. Hapa nisisitize: hakuna aliyeshuka. Hewa iliyofungiwa mle inaua kabla mtu hajaomba msaada, na mara nyingi anayefuata kumwokoa mwenzake hufia palepale.

Tulichokiona kilikuwa shimo la mviringo lenye upana wa mita moja na nusu na kina cha mita tatu, limejengewa matofali yaliyoachiwa mianya ili maji yapenye kwenda ardhini. Lilikuwa choo cha shimo cha zamani. Baadaye walihamisha tundu pembeni, wakaweka sinki la kuchuchumaa na kipande cha bomba, na tangu siku hiyo likaitwa karo. Kwenye ukuta wake palikuwa na mstari ulionyooka kama uliopigwa rula: chini yake weusi na utelezi, juu yake kijivu kikavu. Jirani aliyekuwa akitazama juu ya ukuta hakuhitaji kuulizwa. "Hapo ndipo maji yanaposimama kila masika," alisema. "Choo chao kinarudisha, na chetu pia."

Mstari ule ndio ulioamua kazi nzima.

Tulichukua mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani, tukahamisha usawa wa sakafu ya ukumbi mpaka kwenye karo. Sakafu nikaiita sifuri. Uani uko sentimita 30 chini ya sifuri. Alama ya masika iko sentimita 75 chini ya sifuri. Maana yake, bomba lolote litakaloingia mle lazima limwage juu ya 75. Likiingia chini ya hapo, kuanzia Machi mpaka Mei maji yatasimama ndani ya bomba na uchafu utabaki njiani.

Sasa tuhesabu bafu la mbele kama kijana alivyolitaka. Wengi hudhani choo ndicho kinachoamua kina cha bomba. Choo cha kukaa chenye tundu la nyuma hutoa uchafu wake juu ya sakafu, kiasi cha sentimita 18, kwa hiyo hakina shida. Kinachotushusha ni tundu la sakafu la maji ya kuoga. Juu yake kuna tailizi na saruji, chini yake kuna jamvi, yaani zege la sakafu, kisha chombo chenyewe cha kushika maji ya kuzuia harufu, na ndipo bomba linaanza. Ukiongeza kwamba bomba likitoka nje linatakiwa lifunikwe na udongo ili lisikanyagwe, tulianzia 45 chini ya sifuri. Kutoka pale kupita kichochoro cha kusini mpaka uani ni mita 18. Bomba la inchi nne naliteremsha 1 kwa 40, yaani sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Mita 18 zinakula sentimita 45. Tumeshafika 90. Na kwa kuwa nilikwisha kuona kwamba pale panahitaji tangi la septiki, la kutuliza kinyesi, kabla ya shimo, na tangi hutoa maji chini kidogo ya yanapoingilia, ongeza sentimita 7. Jumla 97, wakati mwisho wetu ni 75. Tumepungukiwa sentimita 22.

Kijana wangu wa kazi, ambaye ana akili ya hesabu, akasema tulaze bomba, 1 kwa 80. Tukahesabu: 45, na 22 na nusu, na 7, inakuja 74 na nusu. Nusu sentimita juu ya alama! Kwenye karatasi inapita, na mteremko huo kweli unakubalika pale maji yanapokuwa mengi, vyoo kadhaa vikimwaga njia moja. Lakini hapa ni choo kimoja cha mtu mzima mmoja, na siku za mgao kitamwagiwa kwa kopo. Maji hayo machache yatatembea mita 18 kwenye bomba lililolala, yataiacha karatasi na kinyesi katikati na yenyewe yataendelea. Tena udongo wa pale ni mchanga. Sehemu moja ikititia sentimita moja tu baada ya mvua, tayari umepata bwawa ndani ya bomba. Nilikataa, na nilimweleza kwa nini, kwa sababu pendekezo lake lilikuwa la kufikiriwa.

Njia nyingine hazikuchukua muda. Kuinua sakafu ya bafu sentimita 22 ni kumjengea ngazi mtu ambaye ameanguka juzi. Kuchimba shimo jipya mbele kulishindikana kwa kisima cha jirani kilicho mita 11 tu kutoka pale. Umbali tunaoutaka kati ya shimo la maji taka na kisima ni mita 30. Kisima hicho ni cha kufulia, lakini watoto hawasomi bango. Ile mashine ndogo ya kusaga na kusukuma uchafu ingefanya kazi kwa bomba jembamba na bila mteremko, ila umeme ukikatika choo nacho kimekatika, na wakati anaokihitaji Bibi ni usiku.

Nikarudi kwa mwana wa Bibi. "Kaka, bafu likae nyuma, chumba cha mwisho upande huu huu wa kusini. Pale mpaka kwenye tangi ni mita sita." Mita sita kwa 1 kwa 40 ni sentimita 15. Ukijumlisha 45, 15 na 7 unapata 67, sentimita nane juu ya alama ya masika.

Alikataa. Chumba cha mbele kina upepo, alisema, na mama amelala mle tangu aolewe. Tukabishana kwa adabu. Aliyetusogeza mbele ni Bibi mwenyewe, kwa jambo ambalo sisi wawili tulikuwa hatujaliona. Aliomba aone mchoro, akaugeuza geuza, akauliza, "Hapa nikikaa natazama wapi?" Choo kilikuwa kimeegemezwa ukuta wa kusini, kinatazama kaskazini. Kutoka Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini kamili. "Mnaniwekea choo kinachoelekea kibla?"

Ilibidi choo kitazame mashariki au magharibi, na hapo hesabu za bomba zikaungana na dini yake. Katika chumba cha mbele, ukuta wa mashariki ni wa ndani, wa kutenganisha vyumba. Bomba la choo lingelazimika kupita chini ya sakafu ya chumba cha pili. Katika chumba cha nyuma ukuta wa mashariki ndio unaopakana na uani. Choo kikiuegemea, kinatazama magharibi, na bomba lake linatoka nje moja kwa moja bila kuvunja sakafu. Mambo haya fundi anapaswa kuyauliza siku ya kwanza. Nimeona nyumba za pwani ambako choo kizuri cha ndani hakitumiwi na wazee, na sababu ni hii tu.

Chumba cha nyuma kilikuwa na mpangaji, dada mshona nguo wa miaka mingi. Yeye akahamia mbele, barazani, ambako wateja wanamwona, akafurahi. Bibi hakufurahi vile. "Huko nyuma nitamwona nani?" Ikakubaliwa kwamba mchana kiti chake kinabaki pale pale barazani, na chumba cha nyuma ni cha kulala. Tukakata kona ya chumba hicho, mita 2.1 kwa 1.5, dirisha juu, mlango wa sentimita 90 usio na kizingiti, na vishikio viwili ukutani. Vishikio hivyo nilivitia zege nyuma yake, kwa sababu tofali la zamani halishiki skrubu ya kubeba uzito wa mtu.

Ombi la kibali likapelekwa Manispaa ya Kinondoni, nasi tukangoja. Tulichimba Septemba, ardhi ikiwa kavu.

Tangi. Kuna kanuni ya zamani ya Waingereza ambayo mafundi wengi tumerithi: zidisha idadi ya watu kwa lita 180, ongeza lita 2,000. Nyumba hiyo ina watu tisa pamoja na wapangaji. 180 mara 9 ni 1,620, na 2,000 ni 3,620. Tulijenga la urefu wa mita 2.4, upana 1.1, na kina cha maji mita 1.4, ambalo linabeba kama lita 3,700. Ukuta wa kati ukagawa theluthi mbili kwa chumba cha kwanza, kinapotulia kinyesi, na theluthi moja kwa cha pili. Kila bomba, la kuingia na la kutoka, lilifungwa tii, kiungio chenye umbo la herufi T, inayozama chini ya maji, ili povu na mafuta yanayoelea yasivuke kwenda shimoni. Shimo la zamani likabaki na kazi moja ya kupenyeza maji ardhini.

Kwa sababu tangi limekaa chini ya usawa wa maji ya masika, sakafu yake ni zege la nondo na kuta zimepakwa ndani na nje. Na nilimwachia mwana wa Bibi agizo: masika msilinyonye likaisha. Tangi tupu ndani ya ardhi iliyojaa maji hutaka kuelea kama mtumbwi, na likinyanyuka hata kidogo mabomba yanakatika.

Lakini tangi peke yake lisingeondoa tatizo la kurudisha. Nilipochunguza uani niliona kwamba maji yote ya paa yanaangukia hapo, mita mbili kutoka kwenye shimo. Paa la nyumba ni kama mita za mraba 108. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 10 inamwaga lita 1,080 pale. Kwa miaka yote hiyo familia ilikuwa ikilijaza karo kwa maji ya mvua, kisha inalipa gari kuja kuyanyonya. Tukafunga mifereji ya bati pembeni mwa paa, maji yakaelekezwa kwenye mtaro wa barabarani, na mengine kwenye pipa la kufulia. Katika kazi yote hakuna fedha iliyotumika vizuri kuliko ile.

Ndani, jamvi lilikuwa la zege dhaifu juu ya mchanga, halikuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu. Tulilikata kwa grainda, tukabomoa eneo la bafu tu, tukaweka nailoni, zege jipya, kisha dawa ya kuzuia maji iliyopanda ukutani sentimita 30 pande zote na mita mbili upande wa shawa. Bomba lilipopita kwenye msingi hatukulibana kwa zege. Tulipitisha kwanza kipande cha bomba kubwa zaidi, na letu likapita ndani yake kwa nafasi. Nyumba ya zamani bado inatikisika na kutulia, na bomba lililobanwa ndilo linalopasuka.

Kwenye ukuta kijana wangu alitaka kukata mfereji wa mlalo mita mbili nzima ili kuficha mabomba ya maji safi. Ukuta ni wa tofali la inchi tano, la enzi zile saruji ikibaniwa. Mfereji wa wima sawa. Wa mlalo unaukata ukuta kama kisu. Tukapitisha mabomba chini, pembeni mwa sakafu, yakapanda kwa wima mahali panapohitajika.

Jambo linaloachwa mara nyingi kuliko yote ni bomba la hewa. Ukiflashi choo, maji yanayokimbia kwenye bomba yanavuta hewa nyuma yake. Kama hewa hiyo haina pa kuingilia, itavutwa kupitia tundu la sakafu na beseni, na yale maji kiasi cha sentimita tano yanayozuia harufu yatanyonywa. Kesho yake nyumba inanuka, watu wanamwaga dawa, na fundi anaambiwa choo kibovu. Tuliweka bomba la inchi mbili nje ya ukuta wa mashariki, likapita ukingo wa bati, na juu yake wavu wa mbu. Wavu si urembo. Mbu wanaoeneza matende na mabusha hapa pwani hupenda sana maji machafu ya kwenye mashimo ya vyoo. Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, walimwaga punje za plastiki nyepesi zinazoelea juu ya maji ya vyoo ili mbu wakose pa kuzaliana, na watu wakapewa dawa. Mbu walipungua sana. Kwa hiyo mfuniko wa karo uliopasuka ni hatari kwa mtaa mzima, na wa pale tuliubadilisha.

Maji safi yalikuwa na kisa chake. Simtanki la lita 1,000 lilikaa juu ya kibanda cha matofali, kitako chake mita 1.2 juu ya sakafu ya nyumba. Shawa inakaa mita mbili. Tangi likijaa, maji yamesimama kama mita 2.4 na shawa inatoa kidogo. Likifika nusu, hakuna kitu. Hakuna koki wala shawa ya bei itakayobadilisha hilo. Tukajenga mnara wa nguzo nne za nondo, kitako kikafika mita 3, kwa kuwa tangi lililojaa lina zaidi ya tani moja na ukuta wa banda usingeliweza. Hata hapo maji yanakuwa mita moja tu juu ya shawa tangi linapokaribia kuisha, hivyo tulitoka tangini na bomba la plastiki la PPR la milimita 32, likaingia bafuni 25, na 20 mwishoni tu, elbo chache kadiri ilivyowezekana. Presha ikiwa ndogo, bomba liwe pana.

Mwana wa Bibi alitaka tuunge bafu kwenye bomba la zamani la chuma ili kupunguza gharama. Nilikata kipande nikampa akitazame. Bomba la nusu inchi lilikuwa limebaki na tundu la kupitisha penseli, kutu imejaa. Tena ukilishika kwa spana kulifungua, uzi wake unakatikia ndani ya ukuta na umejitafutia uvujaji mwingine. Tulilifunga pale lilipoingilia, tukaanza upya.

Bibi mwenyewe, baada ya yote hayo, aliomba koki moja ya chini ajaze ndoo, maana anaoga kwa kata akiwa ameketi kwenye kigoda. Tuliiweka sentimita 60 juu ya sakafu, na mpira wa kutawadhia karibu na mkono wake wa kushoto. Shawa wanaitumia wajukuu.

Kabla ya tailizi tuliziba mwisho wa bomba la maji machafu, tukalijaza maji tukaliacha usiku kucha. Asubuhi yalikuwa yamepungua vidole viwili. Kiungio kimoja karibu na chemba ya kwanza hakikupakwa gundi vizuri. Tukakikata, tukaunga kingine, tukajaza tena, safari hii yakakaa. Kuna haraka kubwa ya kufunika mitaro, hasa mwenye nyumba akiwa amesimama hapo anaangalia saa, lakini siku hiyo moja ndiyo iliyotuonyesha uvujaji ambao ungekuwa chini ya ukuta wa Bibi.

Mwezi wa Mei, mvua zikiwa bado zinanyesha, nilipita kuangalia. Dada mshona nguo alikuwa dirishani na cherehani yake, Bibi kwenye kiti chake barazani. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, mwanangu. Pita ukaone shimo lako." Nilifungua mfuniko. Maji yalikuwa yamesimama sentimita 11 chini ya bomba linaloingia, tatu zaidi ya nilivyotarajia, na nadhani ni ile mifereji ya paa. Choo hakijarudisha hata mara moja. Nikachora alama mpya kwa rangi ukutani mwa shimo, nikaandika mwaka pembeni yake, nikafunika.